Kompyuta ya mezani inalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, haiwaki: nianzie wapi?

Steshenari_Mbagala

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwenye kompyuta ya mezani ya duka la steshenari. Ni hizi za kuunganisha kifaa kimoja kimoja, siyo ya kampuni moja. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kushtukashtuka, na tangu hapo ukibonyeza swichi taa inawaka, feni zote zinazunguka, lakini monita inabaki nyeusi. Inalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, inanyamaza kidogo, kisha inaanza upya. Haifiki hata kwenye nembo ya mwanzo.

Ndani kuna RAM mbili za DDR3, kila moja 4GB, kadi ya picha ya kuchomeka, na hadi diski (hard disk) moja yenye kazi za wateja. Fundi wa jirani anasema mazabodi (bodi kuu) imeungua ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, mlio huu unasema nini hasa? Bisibisi ya nyota ninayo, na multimita ya kawaida ninayo.

fundi_saketi

Mkuu, usinunue kitu bado. Kwenye mashine ya kuunganisha, ili mlio utoke lazima prosesa iwe inafanya kazi, imesoma BIOS (programu ya kuanzia iliyo kwenye chipu ya bodi) na imeanza kukagua vifaa. Kwa hiyo prosesa iko hai, chipu ya BIOS iko hai, na umeme unafika. Mazabodi iliyoungua kabisa hukaa kimya na feni zake. (Dell na HP za ofisi ni habari nyingine: zina chipu ndogo ya pembeni inayoweza kulia au kupepesa taa hata ukiitoa prosesa.)

Sasa maana ya mlio. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu zake. Mlio wako huo huo, mmoja mrefu na miwili mifupi:

Kundi la kwanza ni bodi zenye BIOS ya Award. Humo maana yake ni kadi ya picha.

Kundi la pili ni bodi za ASUS. Humo maana yake ni kwamba haioni RAM. Kadi ya picha kwao ni mmoja mrefu na mitatu mifupi, na mmoja mrefu na minne mifupi ni kifaa kingine kilichofeli.

Umeona? Ukisoma jedwali lisilo lako utabadilisha kadi nzima ya picha wakati tatizo ni RAM. BIOS za AMI za zamani nazo zina hesabu tofauti: mitatu mifupi ni RAM, minane mifupi ni kumbukumbu ya kadi ya picha.

Kwa atakayepita hapa na mashine ya ofisi: Dell OptiPlex za zamani kidogo huhesabu milio tu. 2 haioni RAM, 4 RAM ipo ila haisomeki, 5 betri au saa, 6 kadi ya picha, 7 prosesa. HP Compaq hulia huku taa nyekundu ya swichi ikipepesa idadi ile ile: 2 joto, 3 prosesa, 4 umeme, 5 RAM, 6 kadi ya picha. HP mpya zaidi huchanganya mirefu na mifupi, na mirefu mitatu na mifupi miwili kwao ni RAM.

Kwa hiyo tuambie jina lililochapwa kwenye bodi. Huwa limeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sloti za kadi au karibu na prosesa. Na samahani kwa swali hili, lakini hakikisha kinacholia ni kompyuta na siyo UPS (boksi la betri la akiba) iliyo chini ya meza. Hutokea kuliko unavyodhani.

Wakati unatafuta jina, kuna kipimo kisichohitaji jedwali lolote:

1. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
2. Gusa chuma cha boksi kwa mkono mtupu, toa RAM zote mbili.
3. RAM zikiwa bado nje, chomeka waya wa ukutani, washa, sikiliza.

Ukisikia mlio ule ule, bodi ilikuwa haizioni RAM tangu mwanzo. Mlio ukibadilika, RAM zilikuwa zinaonekana na lalamiko lilikuwa la kitu kingine, yaelekea kadi ya picha. Ikinyamaza kimya kabisa, rudi hapa kabla hujagusa kingine.

Hadi diski ichomoe waya wake wa data na wa umeme, iweke pembeni. Katika hatua hii kompyuta haijafika hata kuiuliza, kwa hiyo mlio huu hausemi chochote kuhusu kazi za wateja.

Volti230

Naongezea upande wa umeme, maana umesema ulirudi kwa kushtuka.

Pima pawasaplai ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi, siyo ikiwa imelala peke yake mezani. Multimita iweke DC 20V, ncha nyeusi kwenye waya wowote mweusi, ncha nyekundu ipenyeze kwa nyuma ya plagi kubwa ya pini 24. Waya wa njano unatakiwa usome volti kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu 4.75 hadi 5.25. Chungwa 3.14 hadi 3.46. Zambarau ni 5V hata mashine ikiwa imezimwa, na kijivu hupanda kufika karibu 5V pale tu pawasaplai yenyewe inaporidhika. Kijivu kikigoma, bodi haianzi. Kama yako inalia basi kijivu kipo, ila 12V inaweza kuwa imeshuka hadi 11 na kadi ya picha ikakosa nguvu.

Kama kadi ya picha ina tundu lake la pini 6, hakikisha waya wake umeingia mpaka ukashika. Kadi bila huo waya nayo husababisha mlio wa picha.

Pia tazama nyuma ya bodi: kuna tundu la VGA au HDMI la bodi yenyewe? Kama lipo na prosesa ina picha yake ya ndani, toa kadi kabisa, hamishia waya wa monita hapo, ujaribu.

Pawasaplai usiifungue. Kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya 300V na hukaa na chaji baada ya kuchomoa ukutani. Na kama ina kiswichi chekundu nyuma, kiwe 230, siyo 115.

Steshenari_Mbagala

Asanteni sana wakuu. Ni kompyuta inayolia, UPS niliizima kabisa. Bodi ni ya kundi la pili, ASUS. Nimetoa RAM zote, mlio ni ule ule. Volti: njano 12.1, nyekundu 5.05, chungwa 3.3. Prosesa haina picha yake, kwa hiyo kadi nimeirudisha.

Basi haizioni RAM. Mbona ziliungua zote mbili kwa mpigo? Na kama ni uchafu nizisafisheje? Jirani ananiambia nitumie msasa laini.

Mzee_wa_Multimita

Msasa hapana! Dhahabu ya meno ya RAM ni utando mwembamba sana juu ya nikeli na shaba. Ukipitisha msasa umeiondoa, na kwa hewa yetu hii ya chumvi meno yatachakaa baada ya muda mfupi.

Kuhusu zote mbili kwa mpigo: mara nyingi hazijaungua. Meno yalishajaa utando wa vumbi na unyevu, ila mashine ilikuwa haizimwi vya kutosha ipoe. Umeme ukikatika, vyuma vinapoa na kusinyaa, mguso uliokuwa unashikilia kwa shida unaachia. Umeme ukirudi, RAM haionekani. Wenye maduka karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Msasani, wanalijua hili. Tena inatosha RAM moja mbovu kuiangusha bodi nzima hata kama ya pili ni nzima, ndiyo maana unajaribu moja moja.

Utaratibu:

Ilaze kompyuta kwa ubavu, bodi ikutazame juu. Ukiifanyia kazi ikiwa imesimama, utasukuma RAM na bodi itapinda.

Shika RAM kwenye kingo, siyo kwenye chipu. Lowanisha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 99 ya maduka ya vifaa vya elektroniki. Ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa kama ni nyeupe isiyo na rangi, ila ina maji, kwa hiyo iache ikauke nusu saa. Yenye rangi achana nayo, huacha utando. Futa meno kuelekea ukingoni, pande zote mbili, mpaka kitambaa kitoke safi.

Sloti: mswaki mkavu mpya, pitisha kwa urefu, kisha upepo. Usichokonoe kwa sindano wala bisibisi, vipini vya ndani vikilala havinyanyuki. Na tafadhali usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa zao kwa unyevu wa Dar hutema maji na oili, utatoka na tatizo kubwa kuliko uliloenda nalo. Pampu ya mkono au bloa ndogo inatosha. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke.

Kurudisha: RAM moja tu kwanza. Bodi yenye sloti nne, nyingi huanzia sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, imeandikwa A2. Yenye mbili, yoyote. Linganisha pengo la RAM na kizibo cha sloti, sukuma kwa vidole gumba pande zote mbili kwa pamoja mpaka klipu zijifunge zenyewe. Ukifunga klipu kwa mkono wakati RAM haijazama, umejidanganya.

Washa. Ikilia, hamishia RAM hiyo hiyo sloti nyingine. Kisha rudia na RAM ya pili. Andika kwenye karatasi: RAM ipi, sloti ipi, imelia au haikulia. Bila karatasi utachanganya.

Aggrey_RAM

Mzee shikamoo. Hapo kwenye kusafisha ungemruhusu raba ya penseli. Spiriti peke yake haitoi doa jeusi lililokomaa.

Mzee_wa_Multimita

Marahaba. Raba ndiyo, lakini iwe ya mwisho na iwe laini, ile nyeupe. Ile ya upande wa bluu ya kufutia wino ina mchanga ndani, ni msasa kwa jina lingine. Ukitumia nyeupe, sugua kidogo kwa kwenda upande mmoja, kisha lazima umalizie na spiriti, kwa sababu vumbi la raba likidondoka ndani ya sloti linakuwa tatizo jipya.

Steshenari_Mbagala

Wakuu imewaka! Spiriti tu, raba sikufika. Majibu ya karatasi: RAM ya kwanza inawaka sloti zote. RAM ya pili inalia sloti zote, hata baada ya kusafisha mara ya pili. Nafanya kazi na 4GB kwa sasa.

Maswali mawili. Nilitoa ile betri ya mviringo wakati wa kusafisha, sasa kila nikiwasha inasimama na kuniambia nibonyeze F1, na saa imerudi nyuma miaka mingi. Pili, nikienda Kariakoo kutafuta RAM moja ya kurudishia 8GB, nitazame nini nisiuziwe mbuzi kwenye gunia?

fundi_saketi

Safi. RAM ya kwanza imewaka kila sloti, kwa hiyo sloti na prosesa ni nzima. RAM ya pili ndiyo mbovu. Kwa wengine wanaofuatilia: ingekuwa RAM nzuri inakataa sloti zote za upande mmoja na kukubali za upande mwingine, usilaumu sloti haraka. Kwenye prosesa za Intel za soketi za vipini, kuanzia zile za Core i3, i5 na i7, kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa. Mguu mmoja wa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ukichomoka, au kipini kimoja cha soketi kikilala, upande mzima wa RAM hupotea. Angalia miguu minne ya hitisinki kwanza, ni kazi ya dakika moja.

F1: ni mipangilio imefutika. Ingia BIOS, weka tarehe na saa, hifadhi, toka. Kabla hujahifadhi tazama sehemu ya SATA, inayopanga namna bodi inavyoongea na diski. Kama ilikuwa AHCI na sasa imerudi IDE, Windows itaanza na kuanguka kwenye skrini ya bluu, kosa 0x7B, na utadhani hadi diski imekufa. Rudisha ilivyokuwa. Kama huijui ilivyokuwa, jaribu moja, ikianguka weka nyingine. Haiharibu data. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows), uwe na ile namba ndefu ya kufungulia.

Saa ikirudi nyuma tena baada ya kuchomoa ukutani usiku kucha, pima betri. Ni CR2032, mpya husoma zaidi ya 3V. Ikisoma chini ya 2.8 weka nyingine.

Aggrey_RAM

Swali la Kariakoo ni langu.

Soma lebo ya RAM yako nzima kabla hujatoka nyumbani, au ipige picha. Kutakuwa na kitu kama 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Namba 12800 ni ya kasi 1600, namba 10600 ni ya kasi 1333. Ukichanganya kasi mbili hazigombani, zote zitaenda kwa kasi ya ndogo. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwa makini:

U ni ya kompyuta ya kawaida. Hiyo ndiyo yako.

R ni ya seva. Huonekana ile ile, huingia kwenye sloti bila shida, bei yake huwa ndogo kwa sababu hazina soko, na kwenye bodi yako italia tu. Muuzaji anaweza asijue tofauti, kwake zote ni DDR3.

Kisha hesabu chipu. Kuna RAM za DDR3 zinazouzwa kwa maneno kwamba ni za AMD tu. Zimejengwa kwa chipu za x4 (kila chipu hutoa biti nne), na bodi za kawaida za Intel hazizisomi. Kwenye lebo tafuta x4 mahali pa x8. Isiyo na lebo kabisa, rudisha mezani. Na kama bodi yako ni ya zamani yenye chipseti ya G41, inataka RAM ya 4GB yenye chipu 16, nane kila upande. Yenye chipu nane tu kwa jumla haitaisoma.

PC3L ni ile ya volti 1.35. Kwenye bodi yako itaenda kwa 1.5 bila tatizo, usiikatae. DDR2 na DDR4 hazitaingia, pengo liko mahali pengine. Ukiona unalazimisha, simama.

Nenda na boksi lenyewe, usiende na maelezo. Kibodi wanayo dukani. RAM iingizwe pale pale, iwashwe na zote mbili kwa pamoja, uone BIOS inahesabu 8192MB. Kuwaka peke yake haitoshi. Muulize pia anakupa siku ngapi za kurudisha, na akuandikie kwenye risiti pamoja na namba ya lebo ya RAM, kwa sababu stika ya duka hubandukia mfukoni na maneno ya mdomo hayarudishi hela.

Ukifika nyumbani weka MemTest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iwashe kutoka hapo, iache imalize angalau raundi moja nzima. Kama umeme unaruhusu iache usiku kucha. Mstari mwekundu hata mmoja, RAM inarudi dukani asubuhi. Hakuna kosa dogo kwenye RAM. Ile inayokosea sehemu moja leo ndiyo itakayokuharibia faili la mteja.

Volti230

Kabla hujairudisha kazini, mulika tochi kwenye kapasita zinazozunguka prosesa. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Kilichovimba au kilichotoa ute wa kahawia hubadilishwa na chenye uwezo ule ule wa mikrofaradi na volti sawa au zaidi, na kiwe cha aina ya kustahimili joto la nyuzi 105. Ni kazi ya fundi mwenye pasi nzuri ya kulehemu, kwa sababu bodi ina tabaka nyingi na pasi hafifu itang'oa njia za shaba.

Na hiyo UPS, angalia kama ina tundu za aina mbili nyuma. Nyingi zina upande wenye betri na upande wa kuchuja umeme tu. Boksi na monita vikae upande wa betri. Printa ya leza usiiweke hapo kabisa. Inapopasha rola huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS ndogo ya 650VA inazidiwa na kuzima kila kitu. Printa ipe AVS (kifaa cha kuikinga na umeme mbovu) yake, yenye kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi. Ukikatika ukiwa dukani, zima swichi za ukutani zote mpaka utulie.

Steshenari_Mbagala

Printa ya leza ndiyo iko kwenye UPS hapa hapa. Naihamisha sasa hivi.